Maisha ya Sir James Dewar, Baba wa Chupa ya Chai

Mhariri alipotutaka tuandike kuhusu maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kufariki, wenzangu walirauka mapema wakawachukua wakubwa wote. Huyu kamchukua Mekatilili wa Menza, yule kamchukua Shaaban Robert, mwingine Wangari Maathai. Mimi nikabaki mikono mitupu. Lakini nilikuwa na deni la zamani kwa Mzungu mmoja ambaye wengi wenu hamjapata kulisikia jina lake, ijapokuwa kazi yake mnaishika kila asubuhi. Aliitwa Sir James Dewar, na kazi yenyewe ni ile chupa ya chai iliyo mezani kwenu.

Kwanza niwaeleze jinsi nilivyofahamiana naye, maana hatukufahamiana kwa heri.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kama ninyi nyote. Kutoka kwetu hadi shuleni ni kilomita 11, na jioni ni nyingine 11. Wale mnaotoka upande wetu wa Kibwezi mnaijua barabara hiyo: kokoto, vumbi jekundu, mibuyu miwili mitatu iliyopukutika majani, na kivuli hakuna. Baiskeli yangu ni Black Mamba aliyoniachia babu, nzito kama trekta. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, kungali na ubaridi, na narudi jua likiwa bado kali. Maji ya kunywa nilikuwa nikiyabeba katika chupa ya plastiki ya lita moja. Asubuhi yalikuwa mazuri. Kufikia saa nne yalikuwa vuguvugu. Jioni, nusu ya safari, ulimi ukiwa umekauka kama ngozi ya ngoma, nikifungua nakuta maji ya moto kabisa, chai isiyo majani wala sukari! Ukiyanywa kiu haiondoki, inakasirika tu.

Basi mwezi wa Februari nikapata wazo. Mama yangu huuza chai na mandazi stejini. Ana chupa mbili za chai, kubwa ya kila siku na ndogo ya lita moja, ambayo huitumia siku ya soko wateja wanapokuwa wengi. Nikajiuliza, ikiwa chupa hii huzuia moto usitoke, kwani itashindwa kuzuia joto lisiingie? Mdogo wangu akanicheka, eti chupa ya chai ni ya vitu vya moto, nikitia maji baridi nayo itayapasha. Sikumjibu. Usiku niliteka maji katika mtungi wa udongo wa nyanya, yale yanayolala humo hadi yanakuwa baridi shwari, nikayatia katika chupa ndogo bila kumwambia mtu, kisha nikaifunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu.

Jamani, jioni hiyo nilikunywa maji! Nilisimama chini ya mbuyu, nikafungua, nikamimina. Yalikuwa baridi vilevile kama nilivyoyateka usiku. Nilijiona mfalme. Nikafanya hivyo siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne, siku za mwizi arobaini zikatimia kabla ya arobaini. Gurudumu la nyuma lilitumbukia katika korongo, nikasikia mlio ndani ya chupa, pwaa, kama balbu iliyopasuka. Nilipofungua nikakuta maji yamechanganyika na vipande vyembamba vya kioo kinachong'aa, kama magamba ya samaki.

Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliitikisa chupa, akasikiliza vile vipande vikilia ndani, akaniuliza tu siku ya soko atawauzia watu chai kwa kutumia nini. Sikuwa na la kusema.

Kesho yake nilimpelekea mwalimu wetu wa fizikia ile chupa nikitumai atanifundisha kuitengeneza. Alitabasamu. Aliifungua kitako, akatoa mabaki ya kioo, akatuonyesha darasa zima. Kumbe ndani ya chupa ya chai mna chupa mbili za kioo, moja ndani ya nyingine, zimeungana mdomoni tu! Kati yake hamna kitu, hata hewa hamna. Na chini kabisa kuna kincha kidogo ambapo hewa ilinyonywa, kisha kioo kikazibwa kwa moto. Hapo ndipo mwalimu alipolitaja jina la Dewar. Nikamwendea maktabani. Nilitaka kumjua mtu aliyetengeneza kitu kizuri namna hiyo, halafu akakifanya chepesi kuvunjika namna hiyo.

James Dewar alizaliwa tarehe 20 Septemba 1842 katika mji mdogo wa Kincardine, ulio kando ya mto Forth kule Uskoti. Baba yake aliitwa Thomas Dewar, na James alikuwa kitindamimba. Alipokuwa na umri wa miaka kumi alipatwa na ajali ambayo sisi wa huku kwetu ni vigumu kuifikiria. Huko kwao, majira ya baridi yakifika, maji ya vidimbwi huganda yakawa magumu, watoto wakacheza juu yake. Siku hiyo barafu ilivunjika, James akatumbukia katika maji. Aliokolewa, lakini akashikwa na homa mbaya ya baridi yabisi, viungo vikamvimba na miguu ikadhoofika. Kwa muda wa miaka miwili hivi hakuweza kwenda shule kama wenzake, na alitembea kwa magongo.

Fikirini basi, mtu aliyekuja kuwa bingwa wa baridi duniani, baridi nusura imuue angali mtoto. Lakini ndani ya msiba huo mlikuwa na heri. Kwa kuwa hakuweza kukimbia na wenzake, alienda kwa seremala wa kijijini akajifunza kutengeneza fidla. Alichonga mbao, akapinda, akagundisha, vidole vyake vikazoea kazi ya taratibu. Fidla mojawapo aliiandika jina lake na mwaka 1854, na iliishi muda mrefu kiasi kwamba ilipigwa mwaka 1921 yeye na mkewe waliposherehekea miaka 50 ya ndoa. Mwenyewe alipokuwa mzee aliamini kwamba kazi ile ya fidla ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya elimu yake. Wale mnaodharau kazi ya mikono, hilo lipokeeni.

Alipofika miaka 15 alikuwa yatima, bila baba wala mama. Hata hivyo aliendelea na masomo katika shule ya Dollar, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh. Huko alikuwa msaidizi wa Lyon Playfair, profesa wa kemia. Mwaka 1871 alifunga pingu za maisha na Helen Rose Banks. Hawakujaliwa watoto, lakini waliishi pamoja hadi kifo kilipowatenganisha. Mwaka 1875 aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1877 akapewa uprofesa wa kemia katika Royal Institution, taasisi ya sayansi jijini London. Vyeo hivyo vyote viwili alivishika hadi siku ya kufa kwake, ingawa moyo wake ulikuwa London zaidi. Huko London palikuwa na ukumbi ambamo wataalamu walionyesha maajabu ya sayansi mbele ya watu siku za Ijumaa jioni, na Dewar alipenda sana kuonyesha.

Sasa nieleze vita aliyoingia. Katika taasisi hiyohiyo, miaka mingi kabla yake, Michael Faraday alikuwa amefaulu kugeuza gesi nyingi kuwa maji kwa kuzibana na kuzipoza. Lakini gesi chache zilikataa katakata, zikiwemo oksijeni, nitrojeni na haidrojeni. Wengine wakaona kwamba hizo ni gesi milele. Kumbe zilikuwa zinangoja baridi kali zaidi. Mwisho mwaka 1877 Mfaransa Louis Cailletet na Mswisi Raoul Pictet, kila mmoja kwao, walipata matone ya ukungu wa oksijeni. Mwaka 1883 wataalamu wawili wa Kipolandi mjini Kraków, Wróblewski na Olszewski, wakaipata oksijeni ya maji inayotulia ndani ya chombo. Dewar naye akajitosa. Alinunua pampu na mitambo, akawa anatengeneza oksijeni ya maji kwa wingi, ina rangi ya samawati hafifu, na akawaonyesha watu.

Lakini kupata ni kitu kimoja, kuweka ni kingine. Oksijeni ya maji huchemka penye nyuzi 183 chini ya sufuri. Kwake yeye, hata barafu ni jiko la makaa! Ukiitia katika bilauri ya kawaida, inatokota na kuyoyoma mbele ya macho yako, na nje ya bilauri umande unaganda hata usione kilichomo. Dewar alikuwa na shida ileile niliyokuwa nayo mimi barabarani, ila yake ilikuwa kubwa zaidi. Angewezaje kukitunza kitu baridi katika ulimwengu wa joto?

Tulisoma kidato cha kwanza kwamba joto lina njia tatu za kusafiri. Mimi nilipasi swali hilo bila kulielewa, kwa hivyo nalirudia. Njia ya kwanza ni kupitia vitu vinavyogusana, kama kijiko kinavyopata moto ndani ya uji. Ya pili ni kubebwa na hewa au maji yanayozunguka, kama joto la chini ya sufuria linavyopanda juu. Ya tatu ni mnururisho, ule unaotuchoma uso tukikaa mbele ya moto, na ndio unaotuletea joto la jua ingawa katikati hakuna hewa.

Mwaka 1892 Dewar alizifunga njia hizo zote kwa chombo kimoja. Alichukua chombo cha kioo akakiweka ndani ya kingine, vikaunganishwa shingoni peke yake. Kisha hewa iliyokuwa katikati ikanyonywa mpaka pakabaki ombwe. Pasipo na kitu, joto halina cha kugusa wala cha kulibeba. Ikabaki njia ya tatu, ya mnururisho. Hiyo aliifunga kwa kupaka kuta za kioo fedha inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, joto likija linarudishwa lilikotoka. Pakabaki upenyo mdogo tu, shingoni na kwenye kizibo. Tangu siku hiyo oksijeni ya maji ikatulia kama maji ya mtungini. Si kwamba alilibuni wazo la ombwe siku moja. Miaka ya 1870 mwanzoni alikuwa amekwisha kutumia chombo cha shaba chenye kuta mbili na ombwe katikati kwa ajili ya kupima joto. Haraka haraka haina baraka.

Hapa ndipo nilipomjibu mdogo wangu. Chupa haijui chai wala barafu. Haipashi, haipozi. Inazuia njia tu, na ukiipa baridi itakutunzia baridi. Wa kwanza kuitumia hakuwa mnywaji wa chai, alikuwa mtu wa baridi. Sisi ndio tulioigeuza.

Kwa chombo hicho Dewar aliendelea mbele. Tarehe 10 Mei 1898 alikuwa mtu wa kwanza duniani kuipata haidrojeni ya maji inayokaa chomboni. Haidrojeni hiyo huchemka penye nyuzi 253 chini ya sufuri. Mwaka uliofuata, 1899, akaigandisha ikawa ngumu. Ikumbukwe kwamba mwisho wa baridi yote ni nyuzi 273 chini ya sufuri, wala hakuna zaidi ya hapo. Dewar alikuwa amebakiwa na hatua chache sana.

Lakini safari hiyo haikuwa ya bure. Gesi zilizobanwa ni kama nyati aliyejeruhiwa. Mitambo ililipuka zaidi ya mara moja, na wasaidizi wake wawili, Robert Lennox na J. W. Heath, kila mmoja alipoteza jicho. Majina yao hayatajwi sana. Mimi nayataja hapa kwa sababu tukisema Dewar alifanya hiki na kile, tukumbuke kwamba mikono ilikuwa mingi.

Sasa nafika mahali panaponisikitisha. Gesi moja tu ndiyo iliyokuwa bado haijashindwa, nayo ni heliamu. Aliyeipata heliamu hapa duniani, mwaka 1895, ni William Ramsay, Mskoti mwenzake Dewar, na maabara yake ilikuwa London humohumo. Ramsay alikuwa na heliamu. Dewar alikuwa na baridi. Wangekaa meza moja, labda kazi ingekwisha. Lakini Dewar alikuwa mwepesi wa hasira, mwenye ulimi mkali, na hakupenda kushirikiana na mtu aliyemwona mshindani wake. Walikuwa wamegombana hadharani juu ya nani alianza lipi. Kwa hiyo kila mmoja akabaki kwake, Dewar akihangaika kutafuta heliamu yake mwenyewe. Wahenga hawakukosea waliposema kidole kimoja hakivunji chawa.

Tarehe 10 Julai 1908 habari zikatoka mji wa Leiden, Uholanzi. Heike Kamerlingh Onnes, mtu aliyejenga maabara kubwa na kufundisha vijana wengi wa kuunda vyombo vya kioo, alikuwa ameigeuza heliamu kuwa maji. Na aliihifadhi ndani ya nini? Ndani ya chombo cha kuta mbili cha namna ya Dewar! Mwaka 1913 Onnes akapewa Tuzo ya Nobel. Ramsay alikwisha kupata yake mwaka 1904. Dewar alipendekezwa mara kadhaa, lakini hakuipata hata mara moja.

Tuingie upande wa pesa, maana najua wengi wenu mnajiuliza kama mzee alitajirika. Hapana. Dewar hakuiandikisha chupa yake kisheria ili iwe mali yake. Na si kwamba hakuzijua sheria hizo. Mwaka 1889 yeye na Frederick Abel walikuwa wameandikisha baruti isiyo na moshi iitwayo kodaiti, naye Alfred Nobel, yuleyule wa tuzo, akawashtaki kwamba wamemwibia. Kesi iliisha mwaka 1895, Nobel akashindwa. Lakini chupa aliiacha wazi kama shamba lisilo ua.

Kule Berlin alikuwako fundi wa vioo, Reinhold Burger, aliyekuwa akiwatengenezea wataalamu vyombo hivyo. Fundi huyu aliona lile ambalo profesa hakuliona. Kitu hiki kinamfaa hata mtu wa kawaida! Alikivisha gamba la chuma ili kioo kisivunjike ovyo, akakitia vishikizo vya kukizuia kisitikisike na kifuniko cha kunywea. Mwaka 1903 aliandikisha umbo hilo Ujerumani, na mwaka 1904 kampuni ikaanzishwa, jina lake Thermos, kutokana na neno la Kigiriki la joto. Dewar aliposikia alienda mahakamani. Akashindwa. Chupa ilikuwa yake kwa akili, lakini haikuwa yake kwa karatasi. Mwaka huohuo wa 1904 alipewa heshima ya kuitwa Sir, na dunia nzima ikaanza kununua chupa yake bila yeye kupata senti.

Niliposoma hayo niliifunga kile kitabu nikawaza. Mwanzoni nilimwona Burger mwizi. Halafu nikakumbuka gamba la chuma. Bila hilo gamba, chupa isingetoka maabara hata ikafika stejini kwa mama yangu. Dewar aliijua baridi, Burger alimjua mtu abebaye chupa. Nasema haki ingekuwa wagawane. Lakini mpaka leo sijaweza kusema kwa hakika ni nani kati yao nimshukuru zaidi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, pesa na wasaidizi walipungua, na ile mitambo mikubwa ya baridi haikuweza kuendeshwa tena. Je, Dewar alikata tamaa? La. Alianza kuchunguza mapovu ya sabuni. Ndiyo, yaleyale tunayopuliza tukiwa watoto! Aliyatengeneza kwa uangalifu hata yakadumu miezi. Mtu aliyeanza kwa fidla alimalizia kwa mapovu, vyote vikihitaji mkono usiotetemeka. Aliaga dunia jijini London tarehe 27 Machi 1923, akiwa na umri wa miaka 80, bado akiwa kazini.

Kazi yake haikufa. Mmewahi kumwona yule daktari wa mifugo anayekuja na pikipiki kuwapandisha ng'ombe kwa sindano? Mtungi ule anaoubeba, unaotoa moshi mweupe akiufungua, una nitrojeni ya maji yenye nyuzi 196 chini ya sufuri, na mbegu za fahali zimelala humo. Mtungi huo ni wa kuta mbili na ombwe katikati. Ni chombo cha Dewar kabisa, na wataalamu wanauita kwa jina lake. Kwa hiyo yule ndama wa jirani yetu mwenye madoadoa naye ana deni kwa mtoto wa Kincardine.

Mimi nilirudi kwa mama nikiwa na mpango. Mwalimu alinieleza kwamba si lazima kununua chupa nzima. Kioo cha ndani huuzwa peke yake madukani. Miezi miwili, kila Jumamosi, niliwachotea majirani maji kwa Black Mamba, mitungi minne ya lita 20 kila safari, mpaka nikapata pesa za kioo. Nilikitia mwenyewe, taratibu, nikimkumbuka mtoto wa magongo akigundisha fidla. Siku ya soko mama aliimwagia maji ya moto kwanza, kisha chai. Jioni alipomimina kikombe cha mwisho mvuke ulipanda. Hakusema kitu, alinisukumia kikombe hicho. Nami nilikuwa sijapata kunywa chai tamu vile.

Na maji ya safarini je? Nawapa niliyojifunza, ninyi wa baiskeli. Chupa ya kioo haikai kwenye keria, na kokoto zetu hazina huruma. Ukiwa nayo kwa ruhusa, nasema kwa ruhusa, ifunge ndani ya sweta uibebe mgongoni, maana mwili wako hupunguza mishtuko. Ipoze kwanza kwa maji baridi kidogo, uyamwage, ndipo uijaze mpaka juu. Usiifungue kila dakika. Zipo siku hizi za chuma kisichoshika kutu, zenye ombwe vilevile, na hizo hazivunjiki kirahisi, ila bei yake si mchezo. Usipokuwa na yoyote, fanya kama mimi sasa. Chukua chupa ya plastiki, ivishe soksi nzito iliyoloweshwa maji, uifunge mahali upepo unapoipiga ukiendesha. Maji ya soksi yakikauka hubeba joto, kama mtungi wa nyanya unavyotoka jasho ukapoza maji yaliyomo. Huku kwetu kukavu inafanya kazi vizuri sana, lakini ndugu zetu wa Mombasa, kwenye hewa yenye unyevu, hawatafaidi sana. Soksi ikikauka, ilowesheni tena.

Somo la maisha ya Dewar kwangu ni hili. Aligundua kwamba pengo tupu kati ya kuta mbili hutunza kilichomo ndani. Bahati mbaya aliweka pengo kama hilo kati yake na wenzake, na kwa watu pengo halitunzi chochote. Mimi pia niliweka pengo kati yangu na mama nilipoichukua chupa yake kimya kimya. Ningemwambia, labda angenikataza, au labda angenipa sweta la kuifungia siku ileile ya kwanza.

Usione vyaelea, vimeundwa. Kesho asubuhi ukimimina chai, mkumbuke James Dewar, na Burger, na Lennox na Heath waliopoteza macho. Kisha umshukuru aliyeichemsha hiyo chai.